Kadiri Utumiavyo: Njeo, Nafsi na Mtenda katika Mikataba ya Malipo ya Huduma za Programu

1.0 Utangulizi

Mikocheni, katika Wilaya ya Kinondoni jijini Dar es Salaam, ni jina lililoundwa kwa nomino mikoche, yaani miti ya jamii moja na mtende, ikifuatwa na kiambishi cha mahali -ni. Leo jina limebaki kuliko miti. Nyumba za kuishi, viwanda vidogo na ofisi zilizokuwa nyumba za watu zimepakana, na ndani ya ofisi hizo yanafanyika malipo ya aina mbili ambayo kwa kawaida hayawekwi pamoja. Aina ya kwanza ni malipo ya umeme, yanayofanywa kwa kubonyeza tarakimu 20 katika kifaa cha LUKU. Aina ya pili ni malipo ya huduma za programu za kompyuta, kama vile uwekaji wa hesabu, utumaji wa ujumbe mfupi kwa wateja, na uhifadhi wa kumbukumbu katika kompyuta zilizo nje ya nchi. Huduma hizi nazo hulipiwa kwa kipimo cha matumizi.

Makala haya yanahusu aina hiyo ya pili, hususan pendekezo la kuyatekeleza malipo hayo kwa mikataba iliyoandikwa kama programu na kuhifadhiwa katika blokucheni. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili cha Tanzania kilikwisha kulikabili suala hili katika miaka ya 1990, pale mfumo wa LUKU ulipoanza kutumika, na kwamba sarufi ya msemo uliouzaa mfumo huo inaonyesha mambo matatu ambayo mkataba wa namna hii hauna budi kuyaamua: njeo, nafsi na mtenda. Lugha ya kawaida inaweza kuyaacha mambo hayo wazi bila madhara makubwa. Programu haiwezi. Itayaamua hata kama hakuna aliyekaa chini kuyafikiria.

2.0 Umbo la LUKU

LUKU ni akronimu ya msemo ufuatao, uliotolewa na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO):

(1) Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo.

Akronimu hii imefanikiwa kuliko nyingi za aina yake. Wazungumzaji huitumia kama nomino ya kawaida, wakasema luku imeisha, nunua luku, au luku ya nyumba hii iko wapi, na katika matumizi hayo neno lile lile hutaja kifaa, umeme wenyewe, na hata fedha inayoununua. Wengi hawahitaji tena kuukumbuka msemo wenyewe. Hata hivyo, msemo huo unastahili kuchambuliwa neno kwa neno.

Neno kadiri, lenye asili ya Kiarabu, hutaja kiasi au kipimo. Papo hapo ni mzizi wa kukadiria na makadirio, maneno yanayotaja kipimo cha kubahatisha. Ankara za zamani zilizitumia maana zote mbili: msoma mita alipofika aliandika kipimo, na alipokuta lango limefungwa ankara iliweza kutolewa kwa makadirio. LUKU ilikusudiwa kuiondoa maana ya pili. Lakini haikuiondoa kabisa, iliihamisha tu. Sasa anayekadiria ni mteja, anapojiuliza anunue umeme wa shilingi ngapi ili umfikishe mwisho wa wiki.

Kitenzi utumiavyo kina kiambishi cha nafsi ya pili umoja u-, mzizi -tumi-, kiishio -a, na kirejeshi cha namna -vyo. Hakina kiambishi cha njeo. Huu ndio urejeshi usio na njeo, ambao katika Kiswahili sanifu hutumika kwa kauli za jumla, methali na maagizo.

3.0 Njeo iliyoachwa wazi

Kwa kuwa utumiavyo hakina njeo, msemo (1) hausemi malipo yanatangulia au yanafuata. Ukiwekewa njeo, msemo huo hutoa mikataba mitatu tofauti:

(2) a. Lipa kadiri ulivyotumia.
    b. Lipa kadiri utakavyotumia.
    c. Lipa kadiri unavyotumia.

Sentensi (2a) ni mkataba wa ankara. Huduma hutangulia, deni hufuata, na hatari yote humwangukia mtoa huduma, kwa maana mteja anaweza kutumia kisha asilipe. Sentensi (2b) ni mkataba wa amana. Fedha hutangulia, na hatari humwangukia mteja, ambaye anaweza kulipa kisha asiipate huduma aliyoilipia. Sentensi (2c) ni mkataba wa mtiririko, ambapo malipo na matumizi huenda sambamba na hatari hugawanywa katika vipande vidogo vidogo.

Ingawa msemo wake umenyamaza, LUKU kwa vitendo ni (2b). Mteja hununua kwanza, hupewa tokeni, huiingiza katika mita, na uniti hupungua kadiri vifaa vinavyofanya kazi. Kupitishwa kwa malipo hayo katika simu za mkononi, baada ya huduma ya M-Pesa kuanzishwa Tanzania mwaka 2008, kuliwawezesha wateja kununua kidogo kidogo na mara nyingi. Desturi hiyo inaukaribia mkataba (2c) bila kuufikia.

Katika huduma za kompyuta, njeo hizo tatu zimefuatana kwa namna tofauti. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu na uwezo wa kompyuta kwa kipimo cha matumizi, uwezo huo ukihesabiwa kwa saa. Mwaka 2017 hesabu ya sehemu kubwa ya huduma hiyo ya pili ilishushwa hadi sekunde. Kipimo kilikuwa kidogo zaidi, lakini njeo ilibaki ile ile ya (2a), kwani ankara hutolewa baada ya matumizi. Mteja aliyeacha kompyuta ya kukodi ikifanya kazi bila haja huutambua ukubwa wa deni mwezi unapokwisha.

4.0 Mkataba tekelezi na istilahi zake

Wazo la mkataba unaojitekeleza wenyewe lilitolewa katika miaka ya 1990 na mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, Nick Szabo. Mfano wake maarufu ni mashine ya kuuzia vinywaji. Mashine hiyo hupokea sarafu, hupima thamani yake, hutoa chupa na kurudisha chenji bila mwuzaji kuwapo. Kwa msomaji wa Dar es Salaam mfano ulio karibu zaidi ni mita ya LUKU yenyewe. Mita hupokea tokeni, huthibitisha kwamba ni halali na kwamba haijawahi kutumika, kisha huongeza uniti. Zikiisha, hukata.

Tofauti iko katika mahali panapowekwa masharti. Masharti ya LUKU yamo katika mita na katika mfumo wa shirika moja. Masharti ya mkataba wa Szabo, kwa jinsi yanavyotekelezwa leo, yamo katika blokucheni, yaani daftari la miamala ambalo nakala zake zinatunzwa na kompyuta nyingi zisizo na bwana mmoja, na ambalo ukurasa wake wa jana hauwezi kubadilishwa bila nakala nyingine kuonyesha tofauti. Daftari la kwanza la aina hiyo, la Bitcoin, lilianza mwaka 2009. Ethereum, lililofunguliwa Julai 2015, liliongeza uwezo wa kuhifadhi programu kamili pamoja na fedha zinazotawaliwa na programu hizo.

Faida yake isidharauliwe. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa wateja wengi walishindwa kununua umeme ingawa fedha walikuwa nazo na umeme ulikuwapo. Penye daftari moja, daftari hilo likianguka hakuna la kulirejea. Afrika Mashariki nayo haikubaki nje ya majaribio haya. Mwaka 2021 kampuni ya World Mobile ilitangaza mpango wa kufikisha intaneti Zanzibar kwa kushirikiana na kampuni ya Input Output, inayojenga blokucheni ya Cardano.

Istilahi ya Kiingereza ya mikataba hii imetumia kivumishi chenye maana ya werevu. Kufuata njia hiyo kwa Kiswahili kuna matatizo. Kivumishi -janja, kinachokubalika katika simujanja, kikiambatanishwa na mkataba huleta maana ya hila, na hakuna mfanyabiashara atakayetia saini mkataba mjanja kwa moyo mkunjufu. Vivumishi -erevu na mahiri husifu akili au ustadi wa mtu, ilhali programu hii haina akili yoyote. Sifa yake ni kutekeleza. Makala haya yanapendekeza mkataba tekelezi, kwa mfano wa bei elekezi, istilahi iliyokwisha kuzoeleka nchini: elekeza hutoa elekezi, na vivyo hivyo tekeleza hutoa tekelezi.

Mfano wa pili wa hatari ya tafsiri ya moja kwa moja ni kipimo cha kazi katika Ethereum. Kila hatua ya programu hutozwa ada, na kipimo cha ada hiyo kimepewa jina ambalo kwa Kiingereza cha Marekani hutaja mafuta ya gari. Mfasiri akiandika gesi, msomaji wa Mikocheni atafikiri juu ya mtungi wa jikoni. Istilahi iliyo sahihi ni mafuta. Uhamishaji wa kawaida wa fedha hutumia mafuta 21,000, na programu ndefu hutumia zaidi. Jambo hili lina matokeo ya kiuchumi. Ikiwa kila ujumbe mfupi utahesabiwa ndani ya blokucheni, mafuta yanaweza kugharimu kuliko ujumbe wenyewe. Kwa sababu hiyo matumizi huhesabiwa nje, kisha jumla yake huingizwa katika daftari kwa vipindi.

5.0 Nani ahesabu?

Hapo ndipo penye ugumu halisi. Ichukuliwe ofisi ya kubuni hapo Mikocheni, inayolipia programu ya kutuma ujumbe kwa wateja wake. Mkataba tekelezi utafanya kazi hivi: ofisi inaweka amana katika mkataba, kila siku idadi ya ujumbe uliotumwa inaarifiwa, mkataba unazidisha idadi hiyo kwa bei na kumhamishia mtoa huduma fedha yake, amana ikiisha, ruhusa ya kutumia inafungwa, ofisi ikiacha huduma, salio linarudishwa. Hakuna ankara, hakuna mdai, hakuna anayekimbizana na mwenzake.

Lakini blokucheni haioni ujumbe ukitumwa. Inajua tu kile ilichoarifiwa. Anayearifu, ambaye hapa ataitwa shahidi, kwa kawaida ni mtoa huduma mwenyewe, kwa kuwa programu inafanya kazi katika kompyuta zake. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya huduma ya programu na umeme. Mita ya LUKU imo katika nyumba ya mteja au kwenye nguzo iliyo karibu, na mteja anaweza kuzima taa zote akaangalia kama uniti bado zinapungua. Mita ya programu iko kwa mwuzaji. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Kuiweka hesabu ya mwamba ngoma katika daftari lisilofutika hakuifanyi iwe ya kweli, bali huifanya iwe ya kudumu.

Kuna njia za kupunguza hatari hiyo. Mashahidi wanaweza kuwa wawili, mmoja wa kila upande, na mkataba ukalipa pale tu hesabu zao zinapolingana. Pia kinaweza kuwekwa kipindi cha pingamizi, ambapo malipo husubiri kabla ya kuhamishwa. Njia zote mbili zinarudisha kitu ambacho mkataba tekelezi ulitarajiwa kukiondoa, nacho ni mazungumzo kati ya watu.

6.0 Mtenda aliyetoweka

Mabadiliko yaliyoletwa na LUKU yameacha alama katika vitenzi. Linganisha:

(3) a. Tumekatiwa umeme na shirika.
    b. Tumeishiwa umeme.
    c. *Tumeishiwa umeme na shirika.

Kitenzi katiwa kina mtenda, ambaye anaweza kutajwa kwa na. Mtu aliyekatiwa anajua aende kwa nani, na anaweza kuomba apewe siku mbili. Kitenzi ishiwa hakina nafasi ya mtenda. Aliyeishiwa hana wa kumwendea, isipokuwa kibanda cha wakala au simu yake. Katika nyumba yenye LUKU, tendo lililokuwa uamuzi wa ofisi limekuwa hali inayompata mteja. Umeme ni ule ule, na giza ni lile lile, lakini sarufi imemwondoa mmoja wa wahusika.

Mkataba tekelezi hukamilisha uondoaji huo, na wapenzi wake huuhesabu kuwa fadhila: mashine haina upendeleo wala haipokei rushwa. Hilo ni kweli. Ila mtenda hajafa, amejificha tu katika uandishi wa masharti. Matukio matatu yanathibitisha.

La kwanza ni la mwaka 2016. Mfuko wa uwekezaji ulioitwa The DAO, uliokuwa mkataba tekelezi katika Ethereum, ulikuwa na kasoro katika programu yake. Mwezi Juni mtu aliitumia kasoro hiyo kutoa kiasi cha sarafu milioni 3.6 za etha. Kwa maneno ya programu alikuwa ameruhusiwa; kwa nia ya waliochangia alikuwa ameiba. Mwezi Julai wengi wa watunzaji wa daftari walikubaliana kulibadilisha ili fedha zirudishwe, na waliokataa wakaendelea na daftari la zamani, linaloitwa Ethereum Classic. Siku ile watenda walijitokeza wote.

La pili linahusu mita zenyewe. Kila tokeni ya mfumo wa kimataifa unaotumiwa na LUKU hubeba namba ya muda, inayohesabu dakika tangu Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengwa kwa namba hiyo hutosha dakika 16,777,216 tu, na hesabu hiyo ilifika ukingoni Novemba 24, 2024. Kabla ya siku hiyo wateja wa Tanzania walitakiwa kuziboresha mita zao kwa kuingiza tokeni za ziada. Uamuzi wa mtu aliyechagua ukubwa wa nafasi hiyo miongo mitatu nyuma ulimfikia mpangaji wa Mikocheni katika umbo la tarakimu za kubonyeza.

La tatu ni la Agosti 2021, serikali ilipoanza kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU, kwa shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Uhalali wa kodi si mada ya makala haya. Jambo la kuzingatia ni la kisemantiki: kodi ya jengo haipandi wala kushuka kwa matumizi ya umeme, lakini inalipwa katika kifaa kinachoitwa kadiri utumiavyo. Mashine inayotekeleza malipo hutekeleza lolote lililotiwa ndani yake, na jina lake halibadiliki.

Tukio hilo la tatu linagusa pia suala la nafsi. Msemo (1) una nafsi ya pili umoja mara mbili, katika lipa na katika u-. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina wapangaji kadhaa wanaochangia mita moja, na kwao msemo ungepaswa kuwa lipeni kadiri mtumiavyo. Mita haiijui m-. Mwenye jokofu na mwenye taa moja huhesabiwa kuwa mtu mmoja, na ugomvi wa mchango unaofuata hauwezi kutatuliwa na mashine. Mpangaji naye hujikuta amelipa kodi ya nyumba isiyo yake, hadi apatane na mwenye nyumba. Katika huduma za programu hali ni hiyo hiyo: anwani moja ya malipo inaweza kuwa na wafanyakazi kumi nyuma yake, na mkataba ukaiona u- peke yake.

7.0 Suala la maana moja

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inataka wanaoafikiana wakubaliane juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba iliyofanywa kwa njia ya kielektroniki. Mwaka 2021 marekebisho ya sheria yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Yakiwekwa pamoja, mambo hayo matatu yanaleta swali ambalo wanaisimu hawawezi kuwaachia wahandisi peke yao. Mteja amesoma tangazo la Kiswahili lisemalo lipa kadiri utumiavyo. Mkataba unaotekelezwa umeandikwa kwa lugha ya programu, yenye maneno ya Kiingereza na alama. Je, wamekubaliana kwa maana ile ile?

Aidha, suala la fedha linahitaji uangalifu. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutahadharisha umma kwamba sarafu za mitandaoni si fedha halali nchini. Mkataba tekelezi unaoshika amana kwa sarafu hizo humwongezea mteja hatari ambayo tangazo la bei haliitaji, kwa kuwa thamani ya amana inaweza kushuka kabla ya huduma kutumika. Kadiri aliyoiona siku ya kuweka siyo kadiri atakayoikuta siku ya kutumia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msemo wa maneno manne, uliokwisha kuwa jina la kifaa cha ukutani, unabeba maswali yote ya msingi ya malipo kwa kipimo cha matumizi. Utumiavyo hakisemi njeo, na hivyo hakisemi nani abebe hatari. Kiambishi u- hakiwaoni wanaotumia kwa pamoja. Ishiwa hakimtaji anayekata. Katika mazungumzo, wenye mkataba huyajaza mapengo haya kwa desturi, kwa kuvumiliana na kwa kuulizana. Mkataba tekelezi huyajaza kwa uamuzi wa mwandishi wa programu, nao huanza kutekelezwa kabla mteja hajauliza.

Inapendekezwa, basi, kwamba kila mkataba tekelezi unaotolewa kwa wateja wa Tanzania uambatane na matini ya Kiswahili inayotamka mambo manne: njeo ya malipo, iwe ulivyotumia, utakavyotumia au unavyotumia, nafsi inayohesabiwa, shahidi wa hesabu na muda wa kumpinga, na mtu au chombo cha kuendewa mkataba unapotekeleza jambo ambalo upande mmoja haukulikusudia. Inapendekezwa pia kwamba matini hiyo ndiyo itawale pale inapohitilafiana na programu. Kazi ya kuiandika ni ya kiisimu kwa kiasi kile kile ilivyo ya kisheria, na wanafunzi wa istilahi na wa semantiki wanaweza kuianza kwa data iliyo karibu nao kabisa, katika kauli za kila siku za wapangaji wanaogawana mita moja.